Gemu za mashabiki nilizokuwekea kwa fleshi

Langoni, Lamu

Swahibu yangu,

Asalaam aleikum. Mama hajambo? Na wale wadogo zako bado wanakuja kulala kwako wikendi? Huku sote wazima alhamdulillah, Langoni ni ile ile unayoijua, punda akipita lazima ujibanze ukutani, na stima siku hizi inakatika magharibi halafu inarudi watu washalala.

Meseji yako niliipata. Unauliza nikuwekee gemu gani kwa hiyo laptopu uliyonunua kwa mtu, na unasema ukifungua gemu za sasa inachemka hadi haikaliki mapajani. Wala usihangaike bwana. Zile ninazozipenda mimi kuliko zote ni ndogo, ni za bure, na zimetengenezwa na mashabiki, yaani watu waliocheza Mario na Sonic na Mega Man utotoni kama sisi, wakakua, ile hamu ikakataa kuwatoka, wakaketi wakatengeneza zao. Nimekuwekea kadhaa kwa fleshi lakini sitaki uzifungue ovyo ovyo, nataka kwanza nikwambie kwa nini kila moja iko mle.

Mimi kwa gemu za kukimbia na kuruka picha siangalii kwanza. Naangalia kuruka kwenyewe. Ukibonyeza, yule mtu anaondoka vipi chini, anakaa hewani muda gani, ukiachia batani mapema anashuka mapema ama hajali, akitua anateleza ama anasimama papo hapo. Sisi tuliocheza zile za kaseti za kuchomeka kwa tivii vidole vyetu vinayajua haya kabla ya kichwa: Mario ukimkimbiza halafu umgeuze ghafla anateleza kwanza, Sonic akijikunja kwa mteremko anaongeza kasi mwenyewe, Mega Man ukimwachia anasimama pale pale. Shabiki wa kweli huanzia hapo na wengi ndo hapo hapo wanakwama, utakuta mtu kachora vizuri, muziki safi, lakini Sonic wake anakwenda kama mkokoteni uliojaa mawe, nafunga sirudi tena. Halafu akishaupata ule mruko naangalia la pili, ameongeza nini chake mwenyewe ambacho wenye gemu hawakukifikiria? Nilizokuwekea zote zina hayo mawili.

Anza na AM2R, yaani Another Metroid 2 Remake, Metroid II iliyojengwa upya na shabiki. Iko hivi, Nintendo walitoa Metroid II kwa Game Boy mwaka 1991, skrini ndogo, rangi hakuna, ramani hakuna, Samus mwenyewe, yule shujaa unayemchezesha, amechorwa mkubwa hadi huoni mbele, na mapango yote yanafanana, unazunguka unazunguka hujui hapa ushapita ama bado. Lakini kisa chake ni kizuri sana, Samus anatumwa sayari inaitwa SR388 akawamalize Metroid wote, wale viumbe wa hatari wa huko, na hesabu ya waliobaki iko pale pale kwa skrini inapungua mmoja mmoja. Basi jamaa wa Argentina, Milton Guasti, akaichukua akaijenga upya kwa takriban miaka 10, akaitoa tarehe 6 Agosti 2016, siku ambayo Metroid ya kwanza inatimiza miaka 30. Ramani ipo, rangi zipo, Samus anadaka ukingo wa jiwe na kujivuta juu, kitu ambacho kwa ile ya 1991 hakikuwepo, na kuna sehemu na mabosi, yaani wale maadui wakubwa, aliowabuni yeye mwenyewe, na ukicheza huwezi kutenganisha kipi cha Nintendo na kipi chake.

Ninachotaka ukione ni mwisho wake. Ushamuua malkia wao, umechoka, unapanda kurudi kwa meli yako, na yai moja linapasuka mbele yako kinatoka kichanga cha Metroid kinadhani wewe ndo mamake. Samus hapigi. Kile kitoto kinaanza kukufuata kinaelea nyuma yako, ukifika pahali njia imezibwa silaha zako hazifui dafu, ni yeye anayasogelea yale mawe anayala anakufungulia. Hakuna adui hata mmoja, wewe ni kuruka tu kwenda juu na yeye yuko nawe. Mwisho huo uko kwa ile ya zamani pia, Guasti hakuubuni, ila hakuugusa, na mimi ndo pale nilipojua huyu mtu aliipenda ile gemu kikweli, manake mwengine yeyote angejaza maadui pale kwa kuogopa mchezaji asichoke. Na kweli, Nintendo walipotoa yao wenyewe mwaka uliofuata, Samus Returns ya 3DS, ile mashine yao ya mkononi, pale mwisho wakaweka bosi mkubwa, Ridley. Ni gemu nzuri, nimeicheza na nimeifurahia, lakini kwa dakika zile za mwisho mimi niko na Guasti na sitoki.

Sasa ujue AM2R haikukaa hewani. Siku chache tu baada ya kutoka Nintendo wakaandika barua za kisheria, pale ilipokuwa inapakuliwa pakafungwa. Mwaka huo huo ikateuliwa kwa tuzo za The Game Awards upande wa kazi za mashabiki, halafu ikaondolewa kwa orodha. Roho iliniuma wallahi. Naelewa jina ni lao na mhusika ni wao, lakini miaka 10 ya mtu! Guasti mwenyewe hakupotea lakini, baadaye akapata kazi kwa Ori and the Will of the Wisps iliyotoka 2020, na mashabiki wengine wakaichukua ile AM2R wakaendelea kuirekebisha hadi leo ina mambo ambayo siku ya kwanza hayakuwemo.

Sega, wenye Sonic, wao ni watu wengine kabisa. Kwa kawaida wanawaacha mashabiki wa Sonic wafanye yao, na mashabiki hao wana maonyesho yao wenyewe yanaitwa SAGE tangu mwaka 2000, wanaonyeshana walichotengeneza. Ndo maana gemu za mashabiki wa Sonic ni nyingi kuliko mchanga wa Shela, nzuri na mbaya. Nimekuwekea mbili za jamaa wa Brazil anayejiita LakeFeperd, Sonic Before the Sequel ya 2011 na Sonic After the Sequel ya 2013. Ya kwanza inasimulia kilichotokea kati ya Sonic ya kwanza na ya pili, ya pili inakaa kati ya Sonic 2 na Sonic 3. Napenda hilo wazo peke yake, mtu ameona pengo ambalo sisi wote tulilipita bila kuliona, akajiuliza hapa katikati Sonic alikuwa wapi? Ile ya 2011 bado ina pahali pamepinda pinda, kuna leveli nyengine ndefu mno, lakini After the Sequel hapo mtu ashakomaa, unateremka mlima umejikunja, kasi inajijenga, unarushwa ukingoni, na pale unapotua ameweka mteremko mwengine wa kukupokea, kwa hivo ukijua njia husimami kabisa. Na muziki wake weka hedifoni, usiusikilize kwa hizo spika za laptopu.

Wale wadogo zako wape Sonic Robo Blast 2. Hiyo ilianza 1998, na imejengwa juu ya injini (programu inayoendesha gemu) ya Doom, ile ya kupiga mashetani ya 1993, ndo maana inakimbia hata kwa kompyuta kuukuu. Hebu fikiria, injini ya bunduki na vichochoro, watu wakaigeuza ikawa Sonic wa kukimbia kwa majani na maua, na wakaendelea kuiboresha miaka na miaka, toleo lake la 2.2 lilitoka Desemba 2019. Waambie waanze na Tails, rafiki yake Sonic, sababu anapaa, hawatalia lia kwa kuanguka. Wewe chukua Sonic. Ukiwa hewani ukabonyeza tena anafyatuka mbele, wenyewe wanaita thok, na hapo mwanzo utajitupa shimoni sana tu, kisha siku moja mkono unakubali na unaanza kuvuka leveli kwa njia ambazo hukudhani zipo.

Kuna moja siwezi kukuwekea na inaniuma, Super Mario Bros. Crossover ya Jay Pavlina, ilitoka 2010 na ilikuwa ya kuchezea kwa brauza kwa Flash, ile programu ya zamani ya kuchezesha gemu mtandaoni, na Flash yenyewe ikazimwa mwisho wa 2020. Ilikuwa ni leveli zile zile za Mario wa 1985, matofali yale yale, lakini unaingia ukiwa Link wa gemu za Zelda ama Mega Man ama Samus, kila mmoja na silaha yake na mruko wake. Pale ndo nilipoelewa haya ninayokwambia kuhusu kuruka. Shimo ni lile lile tulilolivuka tangu utotoni, ila ukiwa na mwili mwengine inabidi ulifikirie upya kabisa. Badala yake nimekuwekea Mari0 ya 2012, hapo Mario amepewa bunduki ya gemu nyengine inaitwa Portal, unafungua tundu ukuta huu na tundu ukuta ule, unaingia huku unatokea kule. Ukijitupa kutoka juu ukaingia tundu la chini, kasi ya kuanguka haipotei, unarushwa nayo upande wa pili. Inachezwa na watu wanne kwa pamoja, kila mtu na bunduki yake, kwa hivo siku wadogo wako kwako tafuta pedi za ziada, mtagombana mpaka mcheke.

Street Fighter X Mega Man sitakwambia mengi, icheze tu. Mtu wa Singapore, Seow Zong Hui, aliwakutanisha Mega Man na kina Ryu na Chun-Li na Blanka, wapiganaji wa Street Fighter, akawaonyesha Capcom, wenye gemu zote mbili, na Capcom badala ya kumfungia mlango wakaitoa wao wenyewe bure Desemba 2012, Mega Man alipotimiza miaka 25. Ukimpiga Ryu unapata Hadoken yake, ule mpira wa nguvu anaourusha, unaondoka nayo kwenda kwa bosi mwengine. Kutoka mtoto nilikuwa nataka kitu hicho hicho. Ina ugumu wa Mega Man wa kikweli lakini, usimpe mtu mwenye hasira za haraka.

Na usidhani haya mambo ya mashabiki ni ya juzi. Mwaka 1990 vijana wawili wa Marekani, John Carmack na Tom Hall, walikuwa wanafanya kazi kwa kampuni ya programu huko Louisiana. Zama hizo kompyuta za PC hazikuweza kusogeza skrini kwa ulaini vile Nintendo inavyofanya, picha inaruka ruka. Carmack akapata mbinu ya kuchora upya vile vipande vilivyobadilika tu, na usiku mmoja yeye na Hall wakaiga leveli ya kwanza ya Super Mario Bros. 3 kwa kompyuta. Wakapeleka kwa Nintendo, Nintendo wakakataa. Basi mbinu ile ile wakatengenezea Commander Keen, ikatoka Desemba mwaka huo huo, na kundi lile ndilo baadaye likaleta Doom. Kwa hivo hiyo Sonic Robo Blast 2 watakayocheza wadogo zako, ukiifuata nyuma nyuma inaishia kwa watu walioanza kwa kumuiga Mario usiku. Nilipoiunganisha hiyo nilitamani nikupigie simu saa ile ile.

Hata Sonic Mania ya 2017, ambayo Sega wenyewe wameiuza, aliyeiongoza ni Christian Whitehead wa Australia, shabiki aliyeanza kwa gemu za mashabiki kama hizi. Hiyo si ya bure, ukipata pesa nunua, inastahili.

Imebaki Kaizo Mario. Hiyo sijaiweka makusudi. Ni Super Mario World iliyogeuzwa na Mjapani mmoja anaitwa Takemoto, video zake zikaanza kuenea 2007, na aliitengeneza ili amchezeshe rafiki yake. Unafika kwa shimo, unaruka pale ambapo mtu yeyote angeruka, na hapo hapo juu ya kichwa kuna tofali lisiloonekana linakugonga unaanguka. Unamaliza leveli, umeshavuka mstari wa mwisho, Mario anajiendea mwenyewe kwa shangwe, anatumbukia. Watu wengi wanaona ni ukatili mtupu, mimi nakataa, manake kuweka tofali pale inabidi uujue mruko wa mwenzako kuliko anavyoujua mwenyewe. Sasa hiyo haichezwi peke yako, inataka mtu kando anayekutazama na kupiga kelele. Ukija Maulidi tutaicheza kwa barza ya nyumbani, wewe ushike kwanza.

Fleshi nimempa binamu yangu, kesho alfajiri anavuka Mokowe kupanda basi, akifika Malindi atakupigia. Ukishahamisha mafaili usifute yaliyo kwa fleshi, hizi gemu leo ziko kesho hazipo, kopi mbili ni bora kuliko moja. Na ukimaliza AM2R niandikie kirefu, usinitumie vidole gumba tu.

Nisalimie mama sana, na wadogo.

Ni mimi swahibu yako wa Lamu