Sinki la bafuni maji yanashuka polepole? Usikimbilie kumwaga dawa

Hii simu tunapigiwa sana, hasa Jumamosi asubuhi: fundi, sinki la kunawia linajaa, nikipiga mswaki povu linabaki linaelea humo mpaka nimeshavaa na viatu ndo linaisha. Swali letu la kwanza siku zote ni moja tu, umemwaga nini humo ndani? Na hapo ndo mtu anakaa kimya.

Sasa leo tuseme ukweli hata kama tunajipunguzia kazi, sinki la namna hiyo mara nyingi unalizibua mwenyewe bila dawa yoyote, unahitaji ndoo, mswaki wa zamani, glavu kama unazo, na moyo mgumu kidogo maana kitakachotoka humo hakipendezi.

Sinki la jikoni huzibwa na mafuta, la bafuni ni nywele. Nywele za kuchana asubuhi, ndevu, vipande vya rasta, vyote vinanasa pale kwenye tundu la kutolea maji, alafu sabuni na dawa ya meno vinagandia juu yake mpaka linakuwa dude jeusi linateleza kama kambale. Na kama unatumia maji ya kisima, na hapa Dar tupo wengi, ndo inazidi, kwa sababu mengi ni maji magumu, yaani yenye madini mengi, hayatoi povu vizuri, yanaacha ule utando mweupe unaouona hata kwenye ndoo za kuogea, na bombani ndo hivyohivyo.

Anza na kizibo. Vile vya kubonyeza vingi unavifungua kwa kuzungusha kwa mkono, chungulia na tochi ya simu. Ukiziona nywele, chukua ule mkanda mgumu wa plastiki wa kufungia maboksi, ukate vijino pembeni kwa kisu, vielekee juu kama ndoana, ushushe, uzungushe, uvute taratibu. Mara nyingi kazi inaishia hapo.

Kama bado, nenda chini ya sinki. Kuna kitu kama chupa ya plastiki, hiyo ndo trapu. Weka ndoo chini yake KWANZA (kuna dada alisahau akaloanisha mkeka na chaja ya simu), alafu fungua kile kikombe cha chini kwa mkono. Plaizi iache, plastiki iliyokaa miaka inapasuka kirahisi na hapo utakuwa umeanzisha kazi nyingine. Mwaga, sugua na mswaki, angalia na hereni zako maana tumeshaokota nyingi. Maji yanayobakigi mle ndani yana kazi yake, ndo yanazuia harufu ya shimo isipande chumbani, kwa hiyo ukishafunga mwagia maji kidogo yarudi. Na ule mpira wa duara usiupoteze, ukikaa upande patavuja tu hata ukaze vipi. Pitisha tishu kavu kuzunguka pale ulipofunga, ikiloa fungua urudie.

Plunja, ile ya kikombe cha mpira chenye mpini, nayo inasaidia, ila watu wanasahau kile kitundu cha juu pembeni mwa sinki. Usipokiziba na kitambaa kilicholoa, upepo wote unatokea pale na wewe unafanya mazoezi ya mikono tu.

Magadi na siki tunaulizwa sana. Vinachemka vizuri kwa macho, ila nywele haviyeyushi. Maji yanayochemka jikoni nayo usimwage moja kwa moja, bomba za plastiki zinalainika na kupinda, tumia ya moto wa kuvumilika mkononi.

Kuna hali ambazo hutakiwi kuhangaika nazo. Ukifungulia maji sinkini alafu yanapanda kwenye tundu la sakafuni, au choo nacho kinagugumia, basi trapu haina kosa, tatizo liko mbele, kwenye chemba au shimo limejaa. Hapo tupigie, tunakuja na waya mrefu wa kuzibulia, na bei tunakwambia baada ya kuona, sio kwenye simu.

Ila ukitupigia sema ulichomwaga, tafadhali, hatukucheki. Kostiki, ile dawa kali ya kuzibulia, ikituama kwenye trapu inabaki mle inasubiri mkono wa fundi, na ukiichanganya na asidi ya chooni inaweza kuchemka na kukurukia usoni. Asidi na dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini ndo kabisa, inatoa gesi ya klorini, na bafu lenyewe kadirisha kadogo. Kijana wetu mmoja alifungua trapu mwenye nyumba akiwa kasema "maji tu hayo fundi", kovu analo mpaka leo kwenye kiganja, na siku hizi haendi kazini bila glavu na miwani.