Fueli iliyotumika ijadiliwe kabla ya saini

Mhariri,

Tangu wakazi wa Uyombo, Kilifi, wapinge mpango wa kinu cha nyuklia na macho kuelekezwa Siaya, mabishano yamekuwa juu ya mashamba, samaki na fidia. Yana haki yake. Lakini swali la taka likiulizwa barazani, jibu huwa lile lile jepesi: watakaotujengea watazichukua wenyewe. Jibu hilo halitoshi, na naomba nafasi nieleze kwa nini.

Kinu cha megawati 1,000 hutoa takriban tani 20 za fueli iliyotumika kwa mwaka, yaani vidonge vya urani vilivyomo ndani ya mirija ya zirkoni, aina ya metali, iliyofungwa mafungu mafungu. Kwa ujazo si nyingi, maana vidonge vya urani ni vizito mno. Tani hizo zingeenea katika mita mbili za ujazo hivi. Kazi iko kwenye joto na mionzi. Kinu kama hicho huzalisha karibu megawati 3,000 za joto, na mara tu kinapozimwa, asilimia 6 au 7 ya joto hilo huendelea kutoka. Baada ya siku moja hubaki karibu nusu asilimia, yaani megawati 15. Mwaka mmoja baadaye kila tani ya fueli bado hutoa kilowati 10 hivi, na baada ya miaka kumi, kilowati moja au mbili.

Ndiyo sababu fueli hutolewa kinuni ikiwa chini ya maji na kuhamishiwa bwawani, kina mita 12 hivi, ikakaa humo miaka mitano au zaidi huku juu yake pana mita saba za maji. Maji hayo hupooza na pia huzuia mionzi isiwafikie wafanyakazi. Yakipungua hadi mirija ya zirkoni ikabaki wazi, mirija hupata moto, zirkoni humenyuka na mvuke, na haidrojeni, gesi inayoweza kulipuka, hutoka. Hofu mojawapo iliyowakumba Wajapani huko Fukushima mwaka 2011 ilihusu bwawa la kinu namba 4, lililokuwa na mafungu 1,535 ya fueli. Kwa bahati maji hayakuisha, na mafungu yote yaliondolewa kufikia mwisho wa 2014.

Bwawa linategemea pampu, na pampu zinategemea umeme. Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ililala gizani, na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jenereta ya akiba ilikataa kuwaka. Kwa hiyo anayetuuzia kinu aulizwe jenereta ngapi, zimewekwa wapi, na dizeli ya siku ngapi.

Turudi kwa hoja ya "watazichukua". Koeberg, kituo cha nyuklia karibu na Cape Town, Afrika Kusini, ilijengwa na Wafaransa na imekuwa ikizalisha umeme tangu 1984. Taka hafifu, kama glavu, nguo za kazi na vichujio, hufungwa katika mapipa ya chuma na ya zege na kuzikwa Vaalputs, mkoa wa Northern Cape. Fueli iliyotumika haikwenda Ufaransa. Ingali pale pale Koeberg. Bwawa lilipoanza kujaa, rafu zilibadilishwa ili mafungu yabanwe zaidi, kisha yakanunuliwa makasha ya kuhifadhia fueli nje ya maji.

Hata ikipelekwa kuchakatwa, taka hurudi. Kule La Hague, kiwanda cha Ufaransa cha kuchakata fueli iliyotumika, mirija hukatwakatwa, fueli ikayeyushwa katika asidi ya nitriki yenye moto, urani na plutoniamu zikatengwa, na mabaki makali yakachanganywa na kioo kwenye nyuzi joto 1,100 hivi na kumiminwa katika mikebe ya chuma cha pua. Sheria ya Ufaransa hairuhusu mikebe ya wageni ibaki huko daima. Ujerumani na Japani zilirudishiwa ya kwao.

Wapo wanaokubali kurudisha fueli kwao. Bangladesh, inayojengewa kinu cha Rooppur na Warusi, ilitia saini makubaliano hayo mwaka 2017, nayo ni mkataba wa peke yake wenye vifungu vyake. Haukuja kama nyongeza ya bure kwenye bei ya kinu.

Sasa makasha, kwa kuwa hata fueli ya kusafirishwa huenda ikayahitaji miaka mingi. Fungu likishapoa huingizwa kwenye kasha la chuma ndani ya bwawa, maji yakafyonzwa, ndani kukakaushwa kwa pampu ya utupu, kisha likajazwa heliamu na kufungwa kwa kulehemu. Hatua ya kukausha haitaki haraka: unyevu ukibaki, mionzi huyavunja maji hayo na kuleta haidrojeni na kutu. Nje huwekwa ganda la zege lenye matundu ya hewa, na tangu hapo hakuna pampu tena. Mlinzi hukagua tu kwamba matundu hayajazibwa na takataka au viota. Pwani pana adui mwingine: chumvi ya upepo wa bahari hukaa kwenye maungio na inaweza kukipasua chuma cha pua polepole. Kwa jambo hili moja, Siaya ina nafuu kuliko Kilifi.

Kasha lililojaa huzidi tani 100. Kreni isiyoweza mzigo huo ni vigumu kuibadilisha bwawa likishakuwa na fueli, na barabara na madaraja nayo yahesabiwe mapema.

Basi mamlaka ya kudhibiti nyuklia na wakala wa nyuklia watuchapishie haya kabla ya saini: fueli ni mali ya nani ikishatoka kinuni, bwawa lina nafasi ya miaka mingapi, kreni inabeba tani ngapi, na ni senti ngapi kwa kila uniti ya umeme zitakazokwenda kwenye mfuko wa kutunzia fueli hiyo, ambao Hazina haitaruhusiwa kuugusa. Hili la mwisho ndilo ninalolitilia shaka zaidi. Marekani ilitunga sheria mwaka 1982, ikawatoza wateja, ikaahidi kuanza kuichukua fueli Januari 1998. Haijachukua, na serikali inazilipa fidia kampuni za umeme.

Msomaji,
Kisumu