Swichi ya pili isifutwe kwenye zabuni

Kwako Mhariri,

Mimi ni fundi wa mitambo ya kompyuta hapa Kisumu, na kuna usiku mmoja wa mvua ambao hadi leo haujanitoka akilini. Saa tatu hivi nilipigiwa simu na kituo cha afya ambacho sitakitaja. Stima ilikuwa imepotea, ikarudi kwa kishindo, na tangu hapo hakuna kompyuta iliyofungua faili la mgonjwa hata mmoja. Nilikuta akina mama wamepanga foleni dirishani pa dawa, watoto mgongoni, karani akipekua daftari kuukuu.

Chumbani mwa seva, yaani kompyuta kuu zinazohudumia kompyuta nyingine, diski zote 12 zilikuwa zikiwaka taa za kijani. Data ilikuwa salama salimini! Kituo kile kilikuwa kimefanya la busara: badala ya kila seva kujiwekea diski zake, seva tatu zilitumia kabati moja la hifadhi kupitia mtandao. Kila seva hukatiwa sehemu yake, ikaiona kama diski iliyo tumboni mwake. Seva moja ikifa, nyingine huichukua sehemu ile na kazi ikaendelea. Hata diski mbili zikifa pamoja, mpangilio wa RAID 6, unaotawanya data pamoja na taarifa za ziada za kuirudisha kwenye diski zote, huyapata yaliyokuwemo kutokana na zilizobaki. (Hiyo bado si nakala rudufu, nakala iwekwe jengo lingine.)

Kilichoungua ni swichi ya mtandao, kile kisanduku kinachounganisha kebo za seva na za kabati. Seva na kabati vililindwa na betri za akiba, lakini swichi ilichomekwa kwenye soketi ya ukutani, nayo ilikuwa moja tu. Ilinuka plastiki iliyoungua. Seva nzima, diski nzima, njia hakuna.

Kinachoniuma ni kwamba swichi ya pili ilikuwemo kwenye zabuni. Nilionyeshwa karatasi: imepigwa mstari wa kalamu nyekundu ili kupunguza gharama. Kabati lenyewe lina vidhibiti viwili, yaani vifaa vya kuongoza diski zake, na kila seva ina matundu mawili ya kebo, kwa sababu waliovibuni walikusudia njia mbili. Tulikesha hadi alfajiri, nilipopata swichi ya kuazima Kondele.

Nawasihi wanaopitisha zabuni za vituo vya afya na sacco huku Nyanza na Magharibi: kabla hamjatia sahihi, mwambieni muuzaji ang'oe kebo moja mbele yenu, kisha azime swichi moja, halafu karani afungue faili la mgonjwa. Lisipofunguka, msilipe.

Fundi wa kompyuta,
Kisumu