Sawa kwa Kipimo Gani? Barua ya Wazi kwa Vijana wa Mdahalo, Dodoma

Wanangu,

Nimeyafuatilia mabishano yenu juu ya usawa, na kwa kuwa nilifundisha hisabati hadi kustaafu, nimeona niwaandikie. Upande mmoja unadai usawa wa binadamu ni uongo kwa sababu watu hawalingani, na upande wa pili unajibu kwa kupaza sauti tu.

Alama ya sawa na (=) ilibuniwa na Robert Recorde, mwanahisabati kutoka Wales, katika kitabu cha mwaka 1557. Alichora mistari miwili sambamba kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana kuliko hiyo. Hata hivyo, pembetatu mbili zaweza kuwa na eneo sawa na maumbo tofauti, nazo 1/2 na 2/4 ni sawa kwa thamani, si kwa maandishi. Mwanahisabati hutaja kwanza anapima nini.

Katiba yetu ya 1977, ibara ya 12, inaposema binadamu wote huzaliwa huru na wote ni sawa, haipimi kimo, akili wala wingi wa ng'ombe. Kifungu kidogo kinachofuata kinataja heshima na utu. Anayetoa hoja ya vipaji hajapinga chochote, amepima kitu kingine. Ila msisahau kwamba usawa wa hisabati huthibitishwa, ilhali huu wa Katiba ni ahadi tunayodaiwa.

Ugumu wenyewe uko kwenye mgao. Chukueni kijiji kimoja cha Chamwino mwaka wa njaa, kila kaya ikipewa madebe 2 ya mahindi. Kaya ya watu 2 inapata debe zima kwa kila mtu, ya watu 8 inapata robo debe, na karani anafunga daftari akiapa kwamba amegawa sawasawa. Hajasema uongo: kwa kaya, ni sawa. Mkigawa kwa walaji, kaya ndizo hazitalingana. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alikwisha kutenganisha usawa wa idadi, yaani kila mmoja kiasi kilekile, na usawa wa uwiano, yaani kila mmoja kadiri ya kipimo fulani, ingawa uwiano wake aliufunga kwenye stahili ya mtu, jambo ambalo kwa upande wa chakula mimi silikubali hata kidogo. Mwaka 1979 Amartya Sen, mwanauchumi kutoka India, aliuliza upya: usawa wa nini?

Basi katika mdahalo ujao, msemaji asipewe nafasi kabla hajaandika ubaoni kipimo chake, tena aulizwe ni nani aliyekichagua, maana kwenye mkutano wa mgao mama anayewapikia watu 8 mara nyingi hakuulizwa.

Mzee wenu,
Mwalimu mstaafu, Dodoma