Barua ya Wazi kwa Wanajumuiya wa Mlimani Mwishoni mwa Muhula

Wanangu, wajukuu zangu, na ninyi wenzangu ambao bado mnafundisha na kufanya kazi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam,

Nawasalimu kwa heshima na kwa furaha kubwa. Mitihani ya muhula wa pili imekwisha, majibu ya mwisho yamekusanywa na kutiwa kwenye bahasha, na wanafunzi wameanza kutoka mabwenini na mabegi yao kuelekea kituo cha mabasi cha Magufuli kule Mbezi, kila mmoja kwao. Hongereni sana. Nawapongeza kabla sijasema jambo jingine lolote, kwa sababu kazi mliyoikamilisha ni kubwa, na jumuiya isiyosherehekea kazi yake huishia kuiona kuwa ni mzigo tu.

Nasaha yangu ni moja. Mafanikio ya muhula huu ni ya watu wengi, na mtayasherehekea inavyostahili pale mtakapowatambua wote walioyabeba, na mtakapokataa kumwacha njiani mwenzenu aliyeteleza.

Tangu mwanzo chuo hiki kimejengwa kwa namna hiyo. Kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa 13 tu, wote wa sheria, wakisomea katika jengo la TANU lililopo Mtaa wa Lumumba. Miongoni mwao alikuwamo Julie Manning, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Sheria. Mwaka 1964 masomo yakahamia hapo Mlimani, na tarehe 1 Julai 1970, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipogawanyika na Makerere na Nairobi zikashika njia zake, chuo chetu kikasimama kuwa chuo kikuu kamili cha taifa. Baada ya hapo kikaanza kuzaa. Kitivo cha kilimo kilichokuwa Morogoro ndicho kilichogeuka kuwa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984, na mwaka 2007 wenzetu wa tiba pale Muhimbili na wale wa ardhi na usanifu majengo nao wakapata vyuo vikuu vyao. Mtu anayeuliza Mlimani imeleta nini nchini ningemwomba aanzie kuhesabu huko, kabla hajataja daraja la shahada ya mtu yeyote.

Wapo wanaodhani kwamba mafanikio ya chuo ni orodha ya waliopata daraja la kwanza. Nawaheshimu sana waliofikisha wastani wa 4.4 na kuendelea, maana najua hauokotwi. Hata hivyo, pita kwenye vimbweta vya kusomea usiku wa wiki ya mwisho kabla ya mitihani, utaona jambo ambalo orodha hiyo haiwezi kulionyesha. Wanafunzi sita au saba wamekizunguka kimbweta kimoja cha zege chini ya mti, taa ya simu imeegemezwa kwenye chupa ya maji, na binti mmoja anaandika hesabu za takwimu kwenye karatasi iliyokwisha kutumika upande mmoja, akirudia hatua ileile kwa mara ya tatu kwa sababu kijana mmoja pembeni bado hajaielewa. Hakuna anayemharakisha. Binti huyo naye ana mtihani wake asubuhi. Saa hizo anazowapa wenzake haziandikwi kwenye matokeo yake na hakuna mhadhiri atakayezijua, lakini bila saa za namna hiyo madarasa yenye mamia ya wanafunzi yasingefundishika. Ikiwa muhula huu uliketi kwenye kimbweta kama hicho ukaeleweshwa, mtafute aliyekuelewesha kabla hajapanda basi, umshukuru kwa jina lake.

Sasa niseme juu ya sapu, yaani mtihani wa marudio kwa aliyeshindwa somo, kwa sababu ndilo jambo lililonisukuma kuandika. Alama 40 za kazi za muhula na 60 za mtihani wa mwisho zinapojumlishwa, wapo watakaofungua matokeo yao kwenye simu wakiwa Kigoma au Newala na kukuta kwamba somo moja au mawili yamewakwama. Nimefundisha miaka mingi na nimeliona jambo hili likijirudia. Mwenye sapu hunyamaza, hujitoa kwenye kundi la darasa, hawaambii wazazi, na anaporudi kufanya mtihani wa marudio kabla mwaka mpya wa masomo haujaanza, huukuta mji umejaa na yeye yuko peke yake. Wengine hudisko, yaani huondolewa masomoni, kwa upweke kuliko kwa ugumu wa somo. Kwa hiyo nawaomba ninyi mliofaulu msitangaze matokeo yenu kwenye kundi la darasa kabla hamjajua wenzenu wamepata nini. Aliyekwama mpigieni simu. Mtumieni muhtasari wenu, maswali ya miaka iliyopita na majibu yaliyosahihishwa, na kama mnaishi Dar es Salaam, mpeni siku moja au mbili za kukaa naye. Na wewe mwenye sapu, mwanangu, nakusihi usijifiche. Ongea na mwalimu wa somo mapema, uliza ni wapi hasa palipokuangusha, maana mara nyingi ni sura mbili tu za kitabu, na sura mbili zinasomeka.

Kwa wahadhiri wenzangu nina ombi moja katika hili. Mwanafunzi akija ofisini kuuliza alikosea wapi, mwonyesheni. Najua rundo la karatasi mlilosahihisha, na najua kwamba wengi wenu mlisahihisha huku mkiandaa maonyesho ya Wiki ya Utafiti na Ubunifu na kuwasimamia wanafunzi wa shahada za juu. Hongereni nanyi kwa kazi hiyo, ambayo mara nyingi hupita bila kupigiwa makofi. Dakika kumi za kumwonyesha kijana kosa lake zina thamani kubwa kwake.

Kuna watu ambao majina yao hayasomwi kwenye hotuba yoyote. Maktaba mpya iliyofunguliwa mwaka 2018 ni jengo kubwa na zuri, lenye nafasi ya zaidi ya watu elfu mbili kwa wakati mmoja, lakini jengo halipangi vitabu rafuni, wala halimwelekezi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza namna ya kutafuta makala. Wakutubi ndio waliofanya hivyo. Wapo pia wafagiaji walioingia kwenye kumbi za mihadhara za Yombo kabla ya kipindi cha kwanza, walinzi waliokesha, mafundi waliorudisha umeme wakati wa mitihani, makarani wa ndaki, yaani koleji za chuo, waliosaka alama zilizopotea, na mama zetu wapishi waliomkopesha mwanafunzi sahani ya wali maharage kwa sababu bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, lilikuwa bado halijatoka. Kama una deni la chakula, lilipe kabla hujaondoka. Nalitaja hilo waziwazi kwa sababu mama huyo naye ana ada ya mtoto ya kulipa.

Deni hili la sahani ni sehemu ndogo ya deni kubwa zaidi. Fedha za Bodi ya Mikopo zinatoka kwenye mfuko wa taifa, na mfuko huo hujazwa na watu ambao wengi wao hawatakanyaga Mlimani maisha yao yote. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa chuo hiki kilipokuwa chuo cha taifa, alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula, na alisema kwamba akikila kisha asirudi ni msaliti. Wapo wanaoona maneno hayo ni makali mno kwa kijana wa leo ambaye hata ajira hana uhakika nayo. Mimi nadhani yana haki yake, ila nayaelewa hivi: kurudi si lazima kuwe kwenye ofisi ya serikali. Mwalimu mwanafunzi anayekwenda wiki hizi kufundisha fizikia kwa vitendo katika sekondari isiyo na mwalimu wa fizikia, amekwisha kuanza kurudi. Vivyo hivyo mwanafunzi wa uhandisi anayekwenda fildi kwenye mradi wa maji akajifunza kwa fundi mkongwe bila kumdharau, na mwanafunzi wa Kiswahili anayekwenda kuwasikiliza wazee na kuandika maneno yao, kama walivyofanya watangulizi wa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), ambayo sasa ni Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI), hadi tukapata Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981.

Kwa hiyo sherehekeeni. Wapikieni wageni wenu, pigeni picha kwenye Ukumbi wa Nkrumah, fungueni muziki mpaka muda unaoruhusiwa, kisha mkalale usingizi ambao mmeukosa wiki nyingi. Viongozi wa DARUSO, serikali yetu ya wanafunzi, nawaomba mchukue hatua moja kabla ofisi zenu hazijafungwa: kila darasa liandike orodha ya wanafunzi walio tayari kuwasaidia wenye sapu, somo kwa somo, pamoja na namba zao za simu, na orodha hiyo ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kila ndaki na kutumwa kwenye makundi ya madarasa siku ileile matokeo yatakapotoka. Wahadhiri wastaafu tunaoishi karibu na chuo tunaweza kuongezwa humo. Mimi niko tayari kwa masomo niliyokuwa nikifundisha, kila siku ya juma baada ya saa kumi jioni.

Wenu katika kazi,
Mwalimu mstaafu, Mlimani