Wanataka kufunika ofisi yetu na vioo

Achieng,

Sasa dada? Mtoto ameacha kukohoa? Nilitaka kukupigia lakini hii stori ni ndefu, wacha niandike tu.

Ile ofisi yetu ya tao, wiki jana landilodi amebandika notisi kwa lifti ati vile vikuta vyembamba vya simiti vya nje vinatolewa vyote, jengo lifunikwe vioo vya buluu kutoka chini hadi juu ndio likae la kisasa. Nilisoma mara tatu hapo nimesimama, lifti ikaenda ikaniacha. Kwani hivyo vikuta vilikuwa vya urembo? Jua la hapa unalijua, tuko karibu kabisa na ikweta, asubuhi linapiga mashariki na jioni linakuja chini chini kutoka magharibi mwaka mzima, na wale waliojenga miaka ya 60 walijua hiyo ndio wakavisimamisha wima nje ya dirisha, mwanga unaingia lakini jua lenyewe linabaki huko nje. Na vile Nairobi iko juu karibu mita 1,700, ukishazuia jua unafungua tu dirisha upepo unamaliza kazi. Miaka yote tumekaa hapo si hatukuwahi kuwa na AC! Sasa vioo vitupike halafu tulipie stima ya kutupoza.

Unakumbuka kile kivuli kwa meza yako? Kilikuwa kinatambaa pole pole kutoka kwa kalenda, kikigusa stepla unasema "saa kumi hiyo" na unaanza kutafuta viatu. Bado kinapita hapo hapo.

Jana lanchi nikatembea hadi KICC, lile jumba refu la mikutano hapa tao, nikakaa pale nje nikiiangalia tu. Walianza kuijenga 1967 ikafunguliwa 1973, Nøstvik wa Norway na Mutiso wetu ndio walichora, ghorofa 28, na mpaka leo iko na ile rangi yake ya udongo. Yetu ni fupi na hakuna mtalii huja kuipiga picha, lakini ni watu wa enzi hiyo hiyo waliiwaza vizuri, na inaniuma sana.

Wapangaji tunaitwa mkutano Jumatatu. Nitaongea. Ile picha ya siku ulikuwa unatuaga, keki iko kwa meza na sisi wote tuna mistari ya kivuli usoni, itafute kwa simu yako ya zamani unitumie kabla ya Jumapili, hata kama haionekani vizuri.

Wako,
Njeri