Binti wa Kusini na milango miwili ya uwakili

Mhariri,

Kila ikifika Machi 8, Siku ya Wanawake, jina la Julie Manning hutajwa majukwaani, na ni haki yake. Ndiye mwanamke wa kwanza kusomea sheria katika chuo chetu cha Dar es Salaam, ndiye jaji wa kwanza mwanamke wa Mahakama Kuu, na mwaka 1975 Mwalimu Nyerere alimteua kuwa Waziri wa Sheria. Baada ya hapo makofi, soda, watu wanatawanyika. Binti wa kidato cha tatu wa Newala au Nachingwea aliyekaa kwenye jua akisikiliza anarudi kwao hajui aanzie wapi akitaka naye kuwa mwanasheria.

Kitivo cha Sheria kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, wiki chache kabla ya Uhuru. Kabla ya hapo Makerere haikufundisha sheria. Aliyetaka uwakili alivuka bahari kwenda London, na familia za Kiafrika zilizoweza kumvusha hata mtoto wa kiume zilikuwa za kuhesabu. Kwa maoni yangu kilichomfaa mwanamke zaidi hapo ni umbali kupungua. Hotuba za usawa zilikuja nyuma. Sisi wa Mtwara na Lindi, ambao Shule ya Sheria, anakopita mwenye shahada kabla ya kuwa wakili, iko mamia ya kilometa kutoka kwetu, tunalielewa hilo vizuri.

Nimetaja Shule ya Sheria makusudi, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Mlango wa kusoma na mlango wa kufanya kazi ni miwili, na tangu zamani haikufunguliwa kwa pamoja. Cornelia Sorabji, kutoka India, alifanya mtihani wa sheria Oxford mwaka 1892 akafaulu, lakini shahada yake hakupewa hadi miaka ya 1920. Mwaka 1913 Gwyneth Bebb, naye wa Oxford, aliishtaki jumuiya ya mawakili ya Uingereza kwa kumkatalia usajili. Majaji wakasema neno "mtu" kwenye sheria ya mawakili halimhusu mwanamke. Ilibidi Bunge la huko litunge sheria nyingine, Desemba 1919.

Kwetu mlango wa pili haubagui jinsia, lakini ni mwembamba. Shahada ya sheria peke yake haimfanyi mtu wakili. Anatakiwa apite Shule ya Sheria ya Tanzania, iliyoko Dar es Salaam, afaulu, ndipo aombe kwa Jaji Mkuu kuapishwa na kuingizwa kwenye daftari la mawakili. Hata nafasi za hakimu mkazi na wakili wa serikali hudai cheti cha hapo. Matokeo yaliyozua kelele Oktoba 2022 yalikuwa hivi: watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja 26, sapu (wa kurudia baadhi ya mitihani) 342, waliodisko (walioondolewa masomoni) 265. Hawa wote walikuwa na shahada zao mkononi. Mzazi aliyeuza korosho miaka minne akidhani mahafali ya chuo ndiyo mwisho wa gharama anastahili kuambiwa mapema. Bodi ya Mikopo ina mwongozo wa mkopo kwa ajili ya Shule ya Sheria, tofauti na ule wa shahada ya kwanza, utafutwe usomwe.

Kwa nini wanaanguka? Lugha ni sehemu yake. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama kisheria, lakini darasani sheria bado inasomwa kwa Kiingereza, na msichana aliyepita kidato cha tano kwa kukariri noti za Historia hujikuta anakariri na sheria. Mtihani wa sheria hauulizi unakumbuka nini. Unapewa mkasa, unatakiwa useme ubishi uko wapi, kanuni ipi inauhusu, inaugusaje mkasa huu, na jibu ni nini.

Mfano wa hapa hapa. Mume na mke wanaachana Tandahimba. Shamba ni la ukoo wa mke, mume kapanda mikorosho 60, mke kapalilia na kuokota miaka kumi na miwili. Nani achukue nini? Wengi wataandika kurasa tatu za historia ya Sheria ya Ndoa ya 1971 na kupata sifuri iliyopambwa. Ubishi ni je, mikorosho hiyo ni mali iliyochumwa kwa jitihada za pamoja, na je, ardhi ya ukoo imo ndani yake? Kanuni ni kifungu cha 114, pamoja na uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1983 kati ya Bi. Hawa Mohamed na Ally Sefu, uliosema kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Hapo sasa ndipo unapima: nani alinunua miche, nani alilipia salfa ya kupulizia mikorosho, ardhi ilitolewa kwa masharti gani. Walimu wa Uraia wanaweza kuanzisha zoezi la namna hii klabuni tangu kidato cha tatu, na halihitaji bajeti.

Kuhusu kuingia chuo: tahasusi za HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza) na HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza) zinafaa sana kwa sababu ya Kiingereza. D mbili hufikisha pointi 4 ambazo TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, inazitaka kama kiwango cha chini, ila vyuo vinavyogombewa huchuja juu ya hapo. Aliyeishia kidato cha nne asikate tamaa: kuna astashahada na stashahada ya sheria Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, na stashahada yenye GPA (wastani wa alama) ya 3.0 humpeleka shahada. Ni njia ndefu, lakini anayetoka huko kwa kawaida ameshazoea lugha ya sheria kuliko aliyetoka kidato cha sita.

Halafu pesa na majira yake. Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, na madirisha ya vyuo na mkopo huwa wazi katikati ya mwaka. Huo ndio wakati mkulima wa korosho hana kitu mfukoni, ndiyo kwanza anahangaika na salfa. Minada inaanza Oktoba, dirisha limefungwa. Hela ya fomu, ya uhakiki wa cheti cha kuzaliwa RITA na ya nauli si nyingi, lakini inatakiwa taslimu, kwa hiyo itengwe kwenye malipo ya msimu uliotangulia.

La mwisho ni majina, na hili ndilo linaloumiza kwa kitu kidogo. Cheti cha kuzaliwa kinasema Somoe binti Khamis, cha shule kinasema Somoye Hamisi. Au mtoto alilelewa na mjomba, kama ilivyo desturi kwetu, akaandikishwa shule kwa jina la mjomba. Mfumo wa mkopo haujui mjomba ni nani. Kurekebisha baada ya matokeo ni viapo, hati ya kubadili jina na safari za Dar, na siku zinakatika. Majina ya mtihani wa kidato cha nne hufuata yale ya darasa la saba, kwa hiyo mwenye binti darasa la sita aende shuleni kabla usajili haujapelekwa, aombe kuoneshwa jina lilivyoandikwa, alilinganishe na cheti cha kuzaliwa herufi kwa herufi. Kama cheti hakipo, akiombe sasa, kwa jina lile lile.

Msaidizi wa Kisheria,
Shangani, Mtwara